Kipande cha Tatu

Vingunguti, nyuma ya ukuta wa kiwanda cha betri
kilichofungwa kabla sijaota ndevu,
tumeigawa ardhi vipande vitatu kwa kamba ya katani.
Cha kwanza kimekorogewa saruji.
Cha pili kinafuliwa, udongo kama nguo,
maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu,
na pampu ya Injinia Lyatuu inakohoa usiku kucha.
Cha tatu tumepanda alizeti.

Kazi yangu ni kupima.
Kila Jumatatu nachimba sentimita ishirini,
nafunga udongo mfukoni, naandika tarehe,
siandiki ninachodhania.
Ninachokitafuta kinaitwa risasi.
Lugha yetu haikukosea kuyapa jina moja haya mawili:
ile iuayo kwa kishindo,
na hii inayopanda na vumbi, ikatua kwenye uji,
ikajenga ndani ya mfupa wa mtoto.
Haina mlio.
Haiachi ganda la kuokota.

Wafadhili wameleta fomu.
Gharama kwa mita ya mraba. Muda. Ufanisi kwa asilimia.
Saruji: rahisi, ya haraka, haiondoi kitu,
inaifunga risasi kama mahabusu,
nami nazijua kuta za mji huu, na masika nayajua.
Kufua: udongo umetakata.
Na maji je? Maji yamo kwenye mapipa kumi na manne ya buluu,
yanangoja teknolojia yao.

Lakini alizeti!
Zilipochanua watu walikuja kupiga picha.
Bibi harusi alitoka Buguruni na shela lake,
tukamzuia kwenye kamba, akatununia.
Mama Siwema, alimaye mchicha kule bondeni,
hakutazama maua.
"Mchicha wangu niuze, au nisiuze?"
Nikamwambia majibu bado.
"Haya," akasema. "Na mimi leo nitapika bado."

Wiki ya kumi na moja nikakuta kamba imekatika.
Mbuzi.
Kundi zima lililokuwa likisubiri zamu ya machinjio,
na Mwarami, mchungaji wake, kalala fofofo kivulini mwa pampu.
Wamekula majani, wamekula maua,
wameacha vishina kama miswaki.

Nikapima. Nikarudia.
Risasi imepungua, asilimia kumi na tisa.
Lyatuu akapiga kofi moja: "Imefanya kazi!"
Imefanya. Imeondoka,
imepita getini kwa miguu minne minne,
alfajiri imening'inia kwenye ndoano,
na jioni moshi wa mishikaki
umetufuata hadi vibarazani.
Nilipiga simu machinjioni.
"Mbuzi gani?" wakauliza. "Wa leo au wa jana?"

Fomu iko mezani.
Mwisho wake pana kisanduku: Maoni mengineyo.
Mistari miwili.
Nimeandika: Haijasafishwa. Imehama.
Mstari wa pili umebaki mtupu.

Nikachukua mifuko na koleo,
nikashuka bondeni bila kibali, bila bajeti.
Mama Siwema alikuwa akimwagilia.
Nikamuuliza nianzie wapi.
Akayapita matuta ya sokoni, mabichi, marefu,
akasimama kwenye kijituta kimoja pembeni, karibu na mlango.
"Anzia hapa," akasema.
"Hapa ndipo tunapochuma ya kwetu."