Uzi wa Nane

Gitaa la zama zangu, lilicheka kama mtu,
Na hili lako mpwangu, linabweka kwenye kutu,
Nahesabu nne zangu, najikwaa kwenye tatu,
Nakuuliza mwenzangu: wimbo huo, ama kitu?

Nilimtupia hayo Mihayo, Jumamosi, Ng'ambo,
mlangoni kwa Nyanzobe fundi cherehani
anayetukodisha nusu ya kibanda na soketi moja.
Nilijua hatajibu kwa vina.
Aliweka ubavu wa kiganja juu ya nyuzi,
akauzima mlio kabla haujasema,
akapiga:
jen. jen-jen.
               jen.
"Jina lake ndilo hilo, mjomba. Jenti.
Mbona tukutuku mliikubali?"

Nikamwambia: nimepiga dansi miaka kumi na tisa,
Sikonge mpaka Urambo, msimu wa tumbaku,
hela za wakulima zikinuka bado benki.
Hakuna aliyeuliza napiga ngapi juu ya ngapi.
Waliuliza bendi inarudi lini.
Uzi mnene kwetu ulikuwa kizingiti,
unaugusa ukiingia, unaugusa ukitoka.
Wewe umejenga nyumba nzima kizingitini.

"Haya," akasema, "sikiliza mashine ya mpunga.
Injini inakwenda nne.
Mkanda una kiraka, na kiraka kinapiga kila saba.
Vinaachana, vinatafutana,
ukishakata tamaa
vinagonga pamoja, pah!
unashtuka kama mwenye deni.
Mimi napiga kile kiraka."

Hoja hiyo ilinikaa vibaya.
Nikaitafutia jibu ndani ya kikombe cha kahawa,
nikakuta machicha.

Nikasema: mnafanana. Nikisikia kumi nimesikia mmoja,
ngurumo, pengo, ngurumo,
vijana kumi ndani ya shati la mshonaji mmoja.
Akacheka. "Na nyie?
Mwanamke kaondoka, barua haijafika,
halafu sebene."
Nyanzobe, pini mdomoni, akasema mmh,
na mmh ile haikuwa upande wangu.

Nitakiri jambo moja, na nisinukuliwe vibaya:
kimya chao kimekatwa kwa mkasi.
Sisi kimya tulikiogopa,
tukakijaza kayamba na majina ya waliotutunza.
Wao wanakiacha wazi
kama pengo la jino, na ulimi unarudi hapo hapo.

Lakini wimbo u wapi?
Dada yangu atambembelezea nini mjukuu,
hesabu ya kiraka?

Umeme ukakatika saa kumi na moja.
Spika ikafa, gitaa likabaki ubao wenye waya:
nyuzi sita za dukani, wa saba wa kuagiza,
na wa nane, nikainama kutazama,
waya wa breki ya baiskeli.
Unalegea. Kila akiupiga unashuka kidogo
maana kigingi chake kimechoka,
anakikaza kwa koleo katikati ya pigo,
nami nikajua nusu ya ubaya niliousikia wiki nzima
haikuwa jenti. Ilikuwa kigingi.

Nusu nyingine ni jenti.

Nikaenda nyumbani Isevya, nikashusha langu ukutani,
nikang'oa kigingi cha uzi mwembamba,
ule uliokuwa ukicheka,
nikarudi nacho mfukoni gizani.
Mashine ya mpunga ilikuwa inaendelea; ile ni ya dizeli.

"Sijakubali," nikamwambia. "Huu ni mkopo.
Ukikosea, kosea kwa sauti iliyonyooka."

Nyanzobe alitushikia tochi ya simu.
Uzi ukapanda, ukasita, ukakaa.
Mihayo akapiga bila umeme, chini chini,
nami kwa ukaidi nikahesabu nne zangu,
na kiraka ng'ambo ya barabara kikahesabu saba.
Hatukukutana.
Mara moja tu, karibu.