Akiba ya Mshono

Futi yangu ina miaka kumi na tisa.
Imevutika: inaposema arobaini
ni arobaini na nusu. Mteja akija
na vipimo vya fundi mwingine, narekebisha kichwani
kabla mkasi haujasema neno.

Kwa hiyo Daktari Semkiwa aliponiita Bombo,
akafungua karatasi iliyokuja kwa ndege,
akasema, "Bi Mwanashehe, umepata kumi na saba,"
sikuuliza kama ni nzuri au mbaya.
Niliuliza: futi hiyo ilichorwa kwa mwili wa nani?

Alicheka kidogo. Kisha akaacha.

Kipande cha titi langu, kama punje ya kunde,
kilisafiri ndani ya nta
hadi kwa watu wasionijua hata kwa salamu.
Wakasikiliza vinasaba vyake, kimoja kimoja,
kipi kinapiga kelele, kipi kimenyamaza,
wakarudisha namba.
Namba inasema dripu haitaniongezea kitu.
Vidonge tu, miaka mitano, kila usiku.

Nikamwona Mwanamkasi, dada yangu,
kwenye kitanda kile cha dirishani,
kucha nyeusi kama mbegu za stafeli.
Nywele zake nilizikusanya mtoni mwa kitanda,
nikazifunga leso, na sijui mpaka leo nizizike wapi.
Yeye hakupewa namba. Labda dawa ile aliihitaji.
Labda hakuihitaji.
Hilo halina karatasi.

"Waliopimwa mwanzo," daktari akasema,
akisugua miwani kwa pindo la koti,
"wengi si wa kwetu. Weusi walikuwa wachache.
Namba naiamini, ningemshauri hata mama yangu.
Lakini sitakuapia."

Nilimpenda kwa neno hilo.
Fundi anayeapa huharibu kitambaa cha watu.

Nimerudi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu.
Bibi harusi wa Makorora anataka gauni limbane
kama ganda la ndizi. Nimempima mara tatu.
Kisha, bila kumwambia, kama desturi yangu,
nimeacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono,
maana mwili hauna mkataba na mtu,
na futi yangu naijua.

Usiku nameza kidonge kwa maji ya mtungi.
Nafungua vifungo, naweka kiganja pale
walipopunguza, penye mshono usio wangu,
mzuri lakini, sina la kukosoa.
Kumi na saba, nalinong'oneza titi,
na vidole viwili.