Kupisha

Barua ilisema: unapisha uchunguzi.
Nikapisha.
Nikabana ubavu ukutani kama mtu aliyesikia honi nyuma yake;
pita, nikasema, njia nyeupe.
Mwaka wa tatu huu.
Haujapita.

Mshahara, lakini, nyumba yangu unaijua.
Tarehe ishirini na tano simu hutetemeka juu ya kabati.
Bikombo hunitazama, hasemi kitu,
huchukua kikapu, hushuka sokoni Wete,
hurudi na changu wawili.
Samaki ndiye changu; fedha sijui ya nani.
Ya kukaa. Ya kumwagilia mchicha saa nne za asubuhi.

Mabomba arubaini na saba yalikosekana ghalani.
Gando wanachota bado kwa ndoo.
Bi Time Kombo anakaimu kiti changu
kwa mshahara wake uleule wa ukarani,
macho yamemwiva kwa madaftari mawili:
mimi nalipwa nisifanye,
yeye afanya asilipwe.

Mtoto kaja na fomu ya skuli. Kazi ya baba?
Nikashika kalamu, nikaishika.
Akanipokonya, akaandika mwenyewe:
Anapisha.

Sikwambieni kuwa mimi msafi.
Najua mawili matatu: gari lililokuja usiku wa Ijumaa,
sahihi niliyoitia bila ya kuhesabu
kwa kuwa aliyeniomba mkubwa, na mimi nina watoto.
Niliyakunja maneno hayo kama nguo za Sikukuu,
mwaka wa kwanza yakinikaa vyema.
Sasa yananibana. Mengine yameniponyoka,
na nachelea ndilo lililokusudiwa,
nisahau.

Leo nimevaa kanzu.
Nimezitungua funguo za ghala msumarini,
ziliponing'inia na tasbihi siku zote hizi;
hakuna aliyezitaka.
Mlangoni Mcha Hamad akanisogezea kitabu cha wageni.
Miaka kumi na tisa nikiingia hapa, leo mgeni.
Jina: nikaandika.
Saa: mbili na robo.
Shughuli:
hapo nikatua kidogo.
Nimekuja kuulizwa.

Mcha akasoma, akasoma tena,
akavuta benchi, akalipangusa kwa kofia yake.
"Kaa, Shaame. Ila unayemtaka hayupo.
Jumatatu kapewa barua.
Naye anapisha."

Nikakaa hivyo hivyo.
Funguo zina uzito.