Mgongoni mwa Kiti cha Dereva

Julai hii Uyole baridi inang'ata masikio,
na ngozi ya viti vya Pijo ya baba imekakamaa
kama mkate wa juzi.

Fundi Ambokile hana haraka.
"Kwanza uchafu utoke, ndipo tuongee kung'aa."
Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche kidogo,
mswaki uliochoka, kipande cha fulana.
Povu linashuka jeusi: vumbi la Chimala,
moshi wa sigara, mafuta ya nywele za shangazi.

Kisha nta ya nyuki na mafuta ya parachichi,
kayapasha juani, jiko lingeyaunguza.
Anazungusha kidole, anazungusha,
wekundu unarudi polepole
kama mtu anayeitwa kutoka usingizini.
"Nyufa hizi hazizibiki," anasema.
"Ila zitakunywa. Zitalainika."

Mgongoni mwa kiti cha dereva
kuna kitambaa alichofuma mama,
kimeshonewa pale pale miaka thelathini.
Mimi nilidhani pambo.

Ambokile anakata uzi. Kimya.
Halafu ananiita.

Wino wa bluu, herufi zimelala ubavu:
TUSAJIGWE DARASA LA PILI.

Nilikuwa nimesahau. Safari ya Tukuyu, mvua,
kalamu mpya mkononi.
Sikuchapwa. Hata kuulizwa sikuulizwa.
Na baba, kila akifungua mlango wa nyuma,
alikinyoosha kile kitambaa kwa kiganja.

"Spiriti itafuta," anasema fundi,
"ila na rangi itaondoka nayo."

Nikamwomba sindano
na uzi mweupe.