Nafasi ya Saba

Siku tatu nimehesabu magari Mabela Kusini,
nimejifungia garini, kiyoyozi kinakoroma,
kidude cha kubonyeza kiganjani: te, te, te.
Asubuhi wanakwenda Maskati, jioni wanarejea,
uso uleule, kiwiko kilekile dirishani,
nami nawaandika watu wawili.
Ndivyo hesabu yetu inavyonenepa.

Miaka sita nyuma hapa palikuwa changarawe
na vibao vya bati vyenye nambari za viwanja.
Leo kuna daktari wa meno,
na daktari mwingine wa meno anayemkodolea wa kwanza,
kuna karaki ya kunywea garini, kuna shule yenye nyasi za plastiki.
Mitaa haijazoea majina. Ukiuliza njia unaambiwa:
pita msikiti usiokwisha kujengwa,
ukiona mlango wa buluu ujue umepotea, rudi.

Nikamwambia Yaqdhan: skrini yetu itakuwa anwani ya watu,
"kata kushoto penye taa kubwa."
Akacheka. Kesho yake nikaikuta kwenye mapendekezo
chini ya jina lake.

Mita kumi na mbili kwa nne.
Nafasi nane, kila moja sekunde nane, kisha inaanza tena.
Dereva wa mwendo wa sitini husoma maneno saba;
akiwa na watoto nyuma, manne.
Macho hayana pazia, walisema waliotutangulia,
nasi tumeligeuza hilo kuwa bei.

Baladia wakataka ramani, kimo cha nguzo,
na karatasi ya jirani asiye na pingamizi.

Jirani ni Bi Ghania binti Sleyum.
Alinipokea kwa Kiswahili alichorithi kwa mamake,
cha Unguja ya zamani, chenye "ati" na "lau" ndani yake,
akaniwekea halwa kwenye kisahani chenye ufa.
Dirisha lake la kulala: mita thelathini na moja.
Nilikwisha kulipima kwa macho kabla sijakaa.

"Litawaka usiku kucha?"
"Saa nne mwanga utapunguzwa."
"Kupunguza si kuzima, mwanangu."
Akamimina kahawa. Akatia saini.
Alidhani mambo yamekwisha kupita huko juu,
karatasi ni adabu tu.
Sikumsahihisha.

Usiku wa majaribio Shofikul alipanda nguzo na mkanda kiunoni.
Nyekundu: kuta zote nyeupe zikaona haya.
Kijani. Buluu.
Kisha nyeupe tupu, na wajenzi wa nyumba ya pili
wakatoka na mkeka wakacheza karata,
wanasomeana mikono kama mchana.
Kwa Bi Ghania pazia likavutwa.
Halafu blanketi juu ya pazia;
niliiona mikono yake miwili ikilipachika,
pembe moja ikidondoka, ikirudishwa,
ikidondoka.

Nafasi saba zimeuzwa: benki mara mbili,
meno, meno, matangi ya maji, baga, shule.
Ya saba katika mpangilio iko wazi.
"Tia nembo yetu," kasema Yaqdhan, akaenda kuswali.

Nimefungua jedwali.
Picha: nyeusi, haina kitu.
Mteja: Ghania binti Sleyum.
Malipo: kahawa, vikombe vitatu, yamepokewa.

Basi kila dakika na ushei, kati ya baga na shule,
kiwanja kinarudi kilivyokuwa,
wacheza karata wanashika pumzi, karata kifuani,
na dirisha lile linakuwa dirisha.
Sekunde nane hazitoshi kulala.
Labda zatosha kugeuza mto.

Leo kapiga simu muuza makabati wa Barka, anaulizia nafasi.
Nimemwambia tumejaa.
Sijui mwezi ujao nitamwambia nini.