Sólrun, Rudia

Nililisikia kabla ya maumivu:
pu, kama kijiti kikavu kinachovunjwa cha kuwashia jiko.
Ukumbi wa Klaksvík, visiwa vya Faroe, Februari,
mvua ikilipiga bati kwa ubavu.
Hakuna aliyenigusa.
Hadi leo watu hawaliamini hilo.
Niliruka, nikarusha, nikatua kwa mguu mmoja,
goti likageukia ndani kumtazama mwenzake
kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma,
na mwili ukaendelea mbele bila lenyewe.

Mpira uliingia golini. Watu husahau kuuliza.

Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Daktari akasema, "Wasichana mmeumbwa hivyo,"
akachora nyonga, akachora mshale,
akatazama saa yake.
Baba yangu, mfugaji, alinyamaza hadi tukafika kivukoni.
"Kondoo akiteguka mlimani," alisema,
"tunaikagua njia. Hatumlaumu kondoo."

Basi nimeikagua njia, miaka ishirini na sita.
Nimekuta viatu vya kurithi kwa kaka, vipana kisiginoni.
Nimekuta saa tatu usiku, zamu yetu,
wavulana wameshaondoka na joto la ukumbi.
Nimekuta makocha waliotufundisha kuruka,
na hakuna hata mmoja aliyetufundisha kutua.

Sasa ufunguo ninao mimi.
Jumanne na Alhamisi, mpira haugusi mkono wa mtu
kabla ya robo saa yangu.
Chuchumaa, Bjarnhild, goti lifuate vidole.
Marjun, mshike mwenzio vifundo,
aanguke mbele polepole, paja la nyuma ndilo limzuie,
hata likitetemeka, hasa likitetemeka.
Sasa rukeni. Tueni kama paka
chumbani mwa bibi aliyelala.

Wananuna. Wanasema ni mazoezi ya wazee.
Sina cha kuwaonyesha:
tiba ina kovu, mimi ninalo, refu kama kalamu,
lakini kinga haiachi alama yoyote.
Huenda goti la mmoja wao limeshaokoka,
jana, kwenye kona ile ile,
naye amekwenda nyumbani kula samaki
akiulalamikia mtihani wa hesabu.
Sitamjua.

Leo wameruka kumi na wanne kwa pamoja
na nimesikia mvua tu.

Mvua, na Sólrun.
Sólrun, rudia.