Kiasi kwa Asili

Mwalimu Muthiani, darasa la tano,
alichora mstari ubaoni, akajipangusa chaki kwenye suruali:
"Cha juu ni kiasi. Cha chini ni asili.
Mwenye kusahau asili, hesabu yake ni porojo."
Tulicheka. Alikuwa na suruali moja.

Sasa mstari ule ndio mshahara wangu.
Zahanati ya Dandora, Awamu ya Nne, chumba cha nyuma,
daftari la jalada la kijani, mgongo umevunjika,
nimeufunga kwa plasta ya kidonda.
Herufi zangu ni tatu: F amefariki, H amehama,
P amepotea.
Mwisho wa mwezi najumlisha,
idadi inapanda ngazi, kaunti, wizara,
kisha inavuka bahari hadi kwenye meza ndefu
ambako wenye tai huutazama mchirizi ukishuka
wakapongezana.
Siwaonei kijicho. Mchirizi kushuka ni jambo jema.
Ila usiku hujiuliza: umeshuka,
au umeangusha watu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wetu ana miaka arobaini na ushei
na jembe bado tunalitafuta.
Wageni wapya ndio hupokewa kwa kishindo:
ilipokuja korona tulipigiwa hema jeupe uwanjani,
kikafuata kipindupindu, hema lile lile,
juzi mpox, wamebadilisha bango tu.
Mwenyeji wa siku zote ameachiwa benchi,
na benchi lenyewe, mguu mmoja ni tofali.

Nambari 2206. P.
Simu: mteja hapatikani.
Nyuma ya kadi, ramani niliyochora mwenyewe mwaka ule:
pita choo cha kulipia, pita kanisa la mabati ya samawati,
uliza fundi wa majiko.
Nikauliza.
Wavinya alikuwa amechuchumaa, koleo mdomoni,
ananyoosha utambi wa stovu ya mtu.
Hakuinuka. Alinipa kigoda kwa mguu.

"Kupotea," akasema, "ni kutojulikana ulipo.
Mlango wangu ni huu, mwaka wa tisa.
Nilikuja Juni nikakuta kufuli,
na karatasi: huduma zimesitishwa hadi taarifa nyingine.
Nikarudi Julai. Karatasi imelowa mvua, kufuli liko.
Sasa wewe msomi wa hesabu, hebu niambie,
kati yangu na zahanati, ni nani aliyetoroka?"

Akaingiza mkono nyuma ya godoro
akatoa soksi ya mtoto, ya kijivu, imefungwa fundo.
Chupa ya dawa hulia kama kayamba, majirani wana masikio,
ndiyo maana vidonge hulala sokisini.
Vilibaki vinne.
"Ungekuwa na vingi zaidi," nikasema.
"Niligawana na Kwamboka wa mlango wa pili.
Kumi na vitano kwake, kumi na vitano kwangu.
Ulitaka nimeze huku namsikia akikohoa?"

Nilijua la kusema. Nimefundishwa semina nzima:
dawa haigawanywi, kirusi hujifunza, hukomaa, huzoea.
Nililisema lote. Alinisikiliza mpaka mwisho
kisha akaniuliza kufuli lilikuwa la nani.

Nikarudi. Kalamu ikasimama juu ya P.
Hakuna herufi ya mtu aliyebaki alipo.
Nikaandika pambizoni, mahali pasipojumlishwa:
Juni hadi Agosti, tuliopotea ni sisi.
Mkaguzi atauliza. Fomu yake haina safu hiyo.

Alhamisi wakaja wawili.
Kwamboka hajawahi kuandikwa popote,
si juu ya mstari, si chini;
alipimwa sokoni siku ya kampeni, akapewa fulana.
Nikimwingiza, asili inaongezeka moja,
asilimia yangu inashuka,
na bosi atapiga simu kabla ya chai.

"Jina kamili?" nikamuuliza.
Akalitaja polepole, akinichungulia mkono
kama anayehesabu chenji.
Nimeliandika kwa wino.
Akaketi benchini, upande wa tofali.